Mtoto Anayecheua

Kiswahili kina maneno mawili ambayo wenyewe hatuyachanganyi. Mtu aliyekula kitu kibaya hutapika. Mtoto mchanga aliyeshiba maziwa hucheua. Kutapika huja kwa nguvu, tumbo likajikaza na uso ukakunjamana. Kucheua ni maziwa kurudi yenyewe, yakashuka kidevuni na kuilowesha kanga ya mama begani, na mtoto mwenyewe pengine anacheka. Nilikuwa muuguzi kwa zaidi ya miaka thelathini, sehemu kubwa katika kliniki za mama na mtoto huku mkoani Pwani, na mashauri mengi niliyoletewa yalitokana na watu kuyachanganya mambo hayo mawili ambayo lugha yao ilikwisha kuyatenganisha zamani.

Historia yetu imeandikwa kwa vita, mikataba na safari za wakubwa. Sijaona aliyekaa kuandika historia ya maziwa yaliyocheuliwa, na sishangai, kwani ni jambo la begani na la kamba ya kuanikia nguo. Hata hivyo lina historia, tena yenye washitakiwa na hukumu, na kwa muda mrefu mshitakiwa alikuwa mama wa mtoto.

Kwanza nieleze jambo lenyewe. Pale umio linapoingia katika tumbo la chakula pana msuli wa mviringo unaofunga kama mdomo wa mfuko wa kamba. Kwa mtoto mchanga msuli huo hulegea mara kwa mara. Tumbo lake ni dogo, chakula chake chote ni maji, na muda mwingi amelazwa. Maziwa yasiporudi hapo, yatarudi wapi? Mtoto akianza kukaa, akala vitu vizito, na msuli ukakomaa, jambo hilo hukoma bila dawa. Mwaka 1997 madaktari wa Chicago walitangaza matokeo ya kuwauliza wazazi wa watoto 948 wenye afya njema. Nusu ya watoto wa chini ya miezi mitatu walikuwa wakicheua angalau mara moja kwa siku. Kilele kilikuwa mwezi wa nne, watoto 67 katika kila 100. Walipofika miezi kumi hadi kumi na miwili walibaki watano tu katika mia. Sioni sababu ya koo la mtoto wa Kisarawe kuwa tofauti na la mtoto wa Chicago.

Nilizaliwa Kisarawe, katika vile vilima ambavyo Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walijenga vituo vyao miaka ya 1890, hapo Kisarawe penyewe na kule Maneromango. Kwa hiyo kanisa, msikiti na mganga vyote vilikuwapo nilipokuwa mtoto, na mtoto aliyecheua sana angeweza kupitishwa kote kutatu katika wiki moja. Nilisikia maelezo mengi. Wengine walisema ni zongo, yaani kuna mtu aliyemtazama mtoto kwa jicho la husuda alipokuwa akinyonya. Basi mtoto akafungwa mvuje mkononi katika kitambaa cheusi, na nyumba nzima ikanuka. Wengine walisema ni mchango, akanyweshwa maji ya mizizi. Wengine walitikisa kichwa tu wakamtazama baba na mama kwa zamu, na hapo kila mtu alielewa kuwa mtoto amebemendwa.

Kwa msomaji ambaye hakukulia Pwani, kubemenda ni kumharibu mtoto anayenyonya kwa wazazi kurudiana kabla ya wakati, au mmoja wao kutoka nje. Iliaminiwa kuwa maziwa huchafuka, mtoto akatapika, akaharisha na kukonda. Sitaki kuwacheka wazee. Katazo hilo liliwapa akina mama muda wa kupumzika kati ya mimba na mimba, wakati hapakuwa na njia nyingine ya uzazi wa majira, na mtoto ambaye mama yake ameshika mimba upesi kweli alikuwa hatarini kuachishwa ziwa mapema. Ila lilikuwa na ubaya wake. Maziwa yaliyocheuliwa, ambayo karibu kila mtoto huyacheua, yaligeuka ushahidi. Msichana wa miaka kumi na saba aliyejifungua kwa mara ya kwanza alikalishwa mbele ya mawifi na mashangazi akaulizwa maswali ambayo hata hakimu angeona haya kuyauliza. Nimeona wengine wakimnyima mtoto ziwa kwa hofu kuwa limechafuka, wakampa maji ya mchele. Hapo ndipo mtoto alipokonda kweli, na wazee wakasema, hamkuona?

Maelezo yaliyomwaga damu yalikuwa ya kimeo. Kimeo, au kilimi, ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Ilisemwa kuwa kikirefuka hugusa koo, mtoto akakohoa na kurudisha maziwa, hivyo hakina budi kukatwa. Walikuwapo mafundi wake, wenye kisu kidogo kilichopinda, na desturi hiyo haikuwa ya Wazaramo peke yao. Imeenea sehemu nyingi za Tanzania na nje yake. Wako watoto waliotoka damu isiyokatika, wako waliopata pepopunda au uchafu katika jeraha. Katika miaka ya 1980 likaongezeka jambo jingine lililopita mikoa mingi ya nchi: meno ya plastiki. Mtoto akiharisha, akipata homa au akitapika, ilidaiwa kuwa ana meno mabovu ndani ya fizi, yakachimbwa. Yaliyochimbwa yalikuwa ni machipukizi ya meno yake ya kweli.

Nimejiuliza sana kwa nini ufundi wa kimeo ulidumu, nami naona jibu limo katika zile hesabu za Chicago. Mtoto hupelekwa kwa fundi akiwa na miezi mitatu au minne, wakati kucheua kumefika kileleni na mama amechoka. Anakatwa. Miezi miwili baadaye kucheua kunapungua, kama kungalivyopungua bila kisu. Fundi anapata kuku wake na sifa zake, na jirani mwenye mtoto mdogo anaelekezwa kwake. Mtoto aliyekufa hakuletwa kushuhudia.

Pamoja na hayo, mikono ya wanawake wale wale ilijua mambo ambayo midomo yao haikuyasema. Bibi yangu mzaa mama aliamini zongo kabisa, lakini sikumwona hata siku moja akimlaza mtoto papo hapo baada ya kunyonya. Alimweka begani juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, akampigapiga mgongoni hadi apate kucheua hewa, kisha akatembea naye uwanjani akizungumza na kuku. Mama mwenye shamba alimfunga mtoto kwa mbeleko akiwa wima, akamnyonyesha kidogo kidogo kutwa nzima, kwani mtoto yupo mgongoni na ziwa lipo karibu. Nilipokuja kusoma uuguzi na kufundishwa namna ya kumtunza mtoto anayecheua, niliandika katika daftari: mlishe kidogo na mara nyingi, mcheulishe katikati na mwishoni, mshike wima nusu saa hivi, usimkaze nguo tumboni. Nilikuwa naandika kazi za bibi.

Sasa twende Kibaha, kilometa zipatazo 40 kutoka Dar es Salaam katika barabara ya Morogoro. Mwaka 1963 nchi za Nordiki, zikiwamo Uswidi, Norwe, Denmark na Ufini, zilianzisha hapo mradi wa pamoja wenye shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima na kituo cha afya. Tarehe 10 Januari 1970 mradi ulikabidhiwa kwa Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha, na kituo cha afya kikakua hadi kuwa Hospitali ya Tumbi. Yalikuwa majira ya matumaini makubwa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 zahanati zilijengwa vijijini. Mwaka 1973 redio ikatuletea kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakakaa vikundi vikundi kusikiliza, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Mengi yamesemwa juu ya kampeni hizo na mengine ni ya kutia chumvi. Mimi naona kitu kilichobadilisha kesi ya mama na maziwa yake kilikuwa kidogo zaidi na hakikuimbiwa ngonjera: mizani ya kuning'iniza na kadi ya kliniki.

Kadi ile ina asili yake. Daktari Mwingereza, David Morley, alipokuwa akifanya kazi magharibi mwa Nigeria katika miaka ya 1950, alibuni karatasi ambayo mama mwenyewe ataitunza, ikiwa na mistari ya kuonyesha njia ambayo uzito wa mtoto mwenye afya hupita. Kila mwezi nukta moja. Nukta zikiunganishwa mtu anaona kwa macho kama mtoto anapanda, amesimama, au anashuka. Karatasi hiyo ikaenea nchi nyingi, na kwetu ikawa ile kadi ambayo mama huifunga katika mfuko wa nailoni na kuitia sandukuni pamoja na cheti cha ndoa.

Nakumbuka siku moja ya mwaka 1979 tulipokuwa katika kliniki ya mkoba, kijiji kimoja cha njia ya Maneromango. Mizani tuliitundika katika tawi la mwembe. Akaja bibi mmoja ametangulia, na nyuma yake mkaza mwanawe na mtoto wa kiume wa miezi minne, bega la mama limelowa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mjukuu wangu hakai na maziwa. Akinyonya anarudisha, akinyonya anarudisha. Kesho nampeleka akakatwe kimeo. Leo nimekuja kuaga tu, msije mkasema hatukuwaambia."

Mama wa mtoto alitazama chini. Nilimvalisha mtoto kaptula ya mizani, akaning'inia akipiga mateke kwa furaha. Kilo saba kasoro kidogo. Nikaweka nukta katika kadi, nikaziunganisha zote nne.

"Mimi sijui kusoma," bibi akasema kabla sijamwonyesha.

"Haina haja, bibi. Fuata kidole changu. Kinapanda au kinashuka?"

"Kinapanda."

"Maziwa yangekuwa hayakai, angepanda kwa kula nini?"

Alinyamaza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ili mkwewe asisikie, ingawa alisikia: "Na wewe huoni kama amebemendwa?"

"Mtoto aliyebemendwa hupanda hivi?"

Bibi alikitazama kile kifua cha mjukuu wake, na mapaja yenye mikunjo, akacheka mpaka akashika kiuno. "Aliyebemendwa hawi hivi," akasema, na akamgeukia mkwewe: "Mchukue mwanao umnyonyeshe. Unangoja nini?" Sikumfundisha jambo jipya. Imani yake mwenyewe ilisema aliyebemendwa hukonda, na kadi ilionyesha kuwa huyu hakukonda. Tangu siku hiyo nilitumia njia ile ile katika vijiji vingi, na nadhani ilikata rufaa nyingi kuliko hotuba za kuwaambia watu kuwa mila zao ni za kijinga. Kuhusu kimeo, alisema atangoja mwezi ujao aone mstari. Nasi tulirudi kila mwezi.

Msomaji asije akadhani kuwa ujinga ulikuwa Kisarawe na elimu Ulaya. Mwaka 1851 mfamasia wa Nottingham aitwaye William Woodward alianza kuuza maji ya kutuliza matumbo ya watoto, ndiyo Woodward's Gripe Water ambayo wengi wetu tuliijua katika maduka ya mjini. Ilikuwa na mafuta ya mbegu za bizari, magadi, sukari, na pombe. Mtoto alitulia, ningeshangaa asingetulia. Pombe hiyo haikuondolewa huko Uingereza hadi mwaka 1992.

La kutisha zaidi ni la kulala. Tangu miaka ya 1950 vitabu vya malezi vya nchi tajiri, kikiwamo kile mashuhuri cha Dk. Benjamin Spock wa Marekani, viliwashauri wazazi kumlaza mtoto kifudifudi. Hoja kubwa ilikuwa hiyo hiyo ya maziwa: akilala chali na kucheua, atapaliwa. Ilionekana ni busara tupu. Lakini watoto waliolazwa kifudifudi walikufa usingizini kwa wingi kuliko wengine, na kampeni za kuwalaza chali zilipoanza, Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, vifo hivyo vilipungua sana. Watafiti waliopitia ushahidi wa zamani waliandika mwaka 2005 kwamba hatari hiyo ingaliweza kutambuliwa tangu mwaka 1970, na kwamba zaidi ya watoto 10,000 wa Uingereza wangeokoka. Mtoto anayelala chali hapaliwi ovyo, kwani njia ya hewa iko juu ya umio na maziwa yaliyorudi humezwa tena. Hofu ya kucheua iliua watoto wengi kuliko kucheua kwenyewe.

Halafu zikaja dawa. Cisapride iliruhusiwa Marekani mwaka 1993 kwa kiungulia cha watu wazima, madaktari wakawaandikia na watoto wanaocheua, ikaondolewa mwaka 2000 kwa sababu ilivuruga mapigo ya moyo. Ranitidine, ambayo wengi waliinywa kwa vidonda vya tumbo na watoto wakapewa ya maji, mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza iondolewe madukani mwezi Aprili 2020, baada ya kuonekana kuwa na uchafu unaodhaniwa kuleta saratani. Sisemi dawa hazina kazi. Wapo watoto wachache ambao tindikali inayorudi huunguza umio, wakalia kila wakinyonya na kukataa ziwa, nao huhitaji daktari. Lakini dawa nyingi zilikwenda kwa watoto wanene wenye furaha, na sifa zao zilikuja kama sifa za fundi wa kimeo, kwa kungoja mwezi wa saba.

Huku kwetu dawa ya kawaida ilikuwa uji. "Maziwa ni mepesi, mpe kitu kizito kitakaa," na mtoto wa miezi miwili akanyweshwa uji wa mahindi kwa kijiko, maji ya kisima yakiwa ndani yake. Mjini wenye fedha walinunua maziwa ya kopo, nao waliambiwa na matangazo kuwa ni bora. Biashara hiyo ilizua ugomvi wa dunia nzima, na mwezi Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha kanuni za kuzuia kutangaza maziwa mbadala. Tanzania ikatunga kanuni zake mwaka 1994. Katika utafiti wa kitaifa wa 2004 na 2005, watoto 41 katika kila 100 wa chini ya miezi sita walikuwa wakipewa maziwa ya mama tu. Katika ule wa 2022 walikuwa 64. Nyuma ya hesabu hizo naona mabega mengi yaliyolowa ambayo mama aliyaacha yalowe bila kukimbilia sufuria.

Lakini katika kliniki nililazimika kusema na upande wa pili, kwani mtu akishazoea kuambiwa "wote hucheua" anaweza kulala usingizi nyumba ikiungua. Matapishi ya kijani, yenye rangi ya nyongo, si ya kucheua. Damu si ya kucheua. Tumbo lililovimba, homa, mtoto aliyelegea au asiyekojoa, na kutapika kulikoanza ghafla baada ya miezi sita, vyote ni vya hospitali siku hiyo hiyo. Na mstari wa kadi ukisimama au kushuka, hapana mjadala.

Mwaka 1986 aliletwa kwetu mtoto wa wiki sita, wa kwanza kwa mama yake. Katika wiki tatu za mwanzo alikuwa salama. Kisha akaanza kurudisha maziwa, na bibi yake, mwanamke mwerevu aliyekuwa hataki kusikia habari za kimeo, akawatuliza watu wa nyumbani kuwa watoto wote hucheua. Lakini maziwa haya hayakushuka kidevuni. Yaliruka, mama alisema, yakafika ukutani, na mtoto akitoka hapo anatafuta ziwa kwa njaa kama hajanyonya kamwe. Tulipompima alikuwa chini ya uzito wa kuzaliwa. Ngozi ya tumbo ukiifinya ilibaki imesimama. Daktari alimpapasa juu ya kitovu upande wa kulia wakati ananyonya, akaushika mkono wangu akauweka pale, nami nikahisi kitu kigumu mfano wa tunda la mzeituni. Ulikuwa msuli wa mlango wa chini wa tumbo, umenenepa hadi kuziba njia ya kwenda utumbo.

Zamani watoto wengi wa namna hiyo walikufa kwa njaa huku maziwa yamejaa kifuani kwa mama. Mwaka 1912 daktari wa Kijerumani, Conrad Ramstedt, alieleza upasuaji ambao mpaka leo ndio tiba yake: kuupasua msuli ule kwa urefu bila kutoboa ngozi laini iliyo ndani, na kuuacha wazi bila kuushona. Mtoto wetu aliwekewa dripu usiku kucha, maana kumpasua akiwa amekauka vile ni kumwua, na asubuhi akapelekwa Muhimbili. Mama yake alipanda gari ameshika kadi ya kliniki mkononi, yenye nukta mbili tu.

Walirudi baada ya siku kumi na mbili. Wiki tatu baadaye nilimning'iniza katika mizani, nikaweka nukta ya tatu, na nilipokuwa nikimtoa katika kaptula akacheua begani kwangu, kidogo tu, kama wenzake.